Punda Aliyemuona Mbuzi Kila Mahali

Wanangu mnaoingia maabara na makoti meupe ambayo bado hayajapata doa, naanza kwa kukiri. Kosa langu kubwa kuliko yote sikulifanya nilipokuwa kijana mgeni wa kazi. Nililifanya mwishoni, ndevu zote zimeshakuwa nyeupe, miezi michache kabla ya kustaafu. Nililifanya kwa bismillahi, kwa nia safi, na kwa kujiamini kiasi ambacho leo nikikumbuka naona haya. Namshukuru Mungu halikuua mtu.

Nilikuwa fundi wa maabara ya utafiti hapa kisiwani, upande wa kuteremkia Kilindini. Kazi yetu ilikuwa kutafuta katika damu vitu visivyoonekana kwa macho, na chombo chetu cha kutafutia kilikuwa kingamwili. Kingamwili ni kitu kidogo sana ambacho mwili hukitengeneza ili kimtambue adui mmoja na kumng'ang'ania. Watafiti walijua tangu zamani kwamba ukimdunga mnyama kipande cha kitu unachokitafuta, damu yake itakutengenezea kingamwili ya kukitambua kitu hicho. Basi friji letu lilikuwa kama safina ya Nabii Nuhu. Rafu ya juu sungura, ya kati panya, ya chini mbuzi na punda, wote wametiwa katika vichupa vidogo kama vya wanja, na wote wanakaa kwa amani isiyopatikana kwenye safina yoyote ya watu.

Siku kingamwili ya mbuzi na ya punda zilipofika bandarini kwa mara ya kwanza, wakala wa kututolea mizigo alinipigia simu. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Mzee, karatasi hizi zasema mbuzi na punda. Nitafute lori, ama mwaja na kamba?" Nilimwambia aje na boksi la mkononi. Mpaka leo tukikutana hunisalimia mimi, kisha huwasalimia mbuzi na punda.

Aliyenifundisha kazi alikuwa marehemu Bwana D'Souza, Mgoa mwenye tai fupi na subira ndefu. Yeye alikuwa mtu wa kanisa na mimi wa msikiti, na hatukuwahi kubishana ila juu ya uoshaji wa vyombo. Alisema kikombe cha maabara ukitazame vile mkweo angekitazama, yaani kwa kutafuta kosa. Zama zile tulikuwa bado tunavuta maji kwa mdomo ndani ya mrija wa kioo. Msifanye hivyo, hata mkisikia kwamba sisi tulifanya. Ramadhani moja nilivuta kwa nguvu kidogo, nikameza maji ya damu ya farasi. Nikakimbia kwa sheikh wangu kuuliza kama saumu yangu imebatilika. Sheikh alinitazama midomo, akasema, "Suala la saumu tutaliangalia. Kwanza nenda kasukutue."

Lakini somo kubwa la Bwana D'Souza lilikuwa juu ya shahidi. Kila jaribio, alisema, liache kando kipande kimoja ambacho umekinyima kitu kimoja. Kipande hicho ndicho shahidi wako. Ukipata jibu hata kwenye kipande ulichokinyima, jua jibu lako si kweli. Nililisikia somo hilo nikiwa na miaka ishirini na kidogo, nikalifundisha kwa wengine maisha yangu yote, na siku nilipolihitaji nikaliacha.

Sasa nije kwenye kisa. Alikuja kwetu binti mmoja wa Kigiriama kutoka Kaloleni, jina lake Kadzo, mwanafunzi wa shahada ya pili. Alikuwa mpole, mwenye akili, na anaandika kila kitu kwenye daftari, pamoja na mambo ambayo mimi ningependa yasiandikwe. Alitaka kujua kama watu waliougua malaria mara nyingi wana perforini zaidi kwenye damu yao. Perforini ni protini ya kinga. Askari wa damu huibeba kama seremala anavyobeba keekee, na akikutana na seli iliyoingiliwa na maradhi huitoboa tundu. Jumatatu iliyokuwa mbele yetu Kadzo alitakiwa asimame mbele ya jopo la maprofesa awaonyeshe picha ya perforini. Akiwa na picha, angeendelea na masomo. Asipokuwa nayo, nafasi yake ingepewa mwingine. Na kingamwili ya mbuzi iliyobaki kwenye kichupa ilitosha kwa majaribio mawili tu.

Niwaeleze jaribio lenyewe, maana bila hilo hamtanicheka ipasavyo. Unachukua seli za damu, unazivunja, unazipitisha protini zake kwenye jeli laini kama faluda iliyoganda. Ndogo hupita mbio kama watoto katikati ya watu wa soko la Marikiti, na kubwa hukwama nyuma kama hamali mwenye gunia. Kila moja husimama mahali pake. Kisha unazihamisha kwenye utando mweupe, mwembamba kama karatasi. Utando huo ni mlafi, hushika protini yoyote inayoujia, kwa hiyo lazima uulishe kwanza mpaka ushibe. Sisi tuliulisha maziwa ya unga. Ukishashiba, unamwaga kingamwili ya mbuzi, nayo inakwenda kuishika perforini peke yake. Halafu unamwaga kingamwili ya punda. Punda haijui perforini. Kazi yake ni kumtafuta mbuzi popote alipo na kusimama naye, na mgongoni amebeba kitu cha kutoa mwanga. Ukiupiga utando picha kwenye sanduku la kamera, ambalo hugeuza mwanga kuwa weusi, unaona mstari mweusi pale punda aliposimama. Mstari mmoja, mahali pamoja, ndiyo furaha yote ya kazi hii.

Ilikuwa Ramadhani, Jumatano. Nikafungua bati la maziwa ya unga, lile nililoliandika kwa mkono wangu LA UTANDO, SI LA CHAI, nikakuta limebaki vumbi. Mshukiwa alikuwa mmoja. Musyoka, mweka stoo wetu, Mkamba wa watu, Mkristo mwenye adabu kubwa. Kwa kutuheshimu sisi tuliofunga, mwezi ule aliacha kunywa chai mbele yetu, akawa anakunywa ndani ya stoo mlango umefungwa. Na ndani ya stoo ndimo lilimokuwa bati. Nilipomuuliza, hakukana. Alisema tu kwamba hakutaka harufu ya chai itusumbue, kwa hivyo alikuwa anatia maziwa mengi.

Hapo ndipo shetani wa ujuzi aliponijia, japo mashetani wengine wamefungwa mwezi huo. Nikamwambia Kadzo asihangaike, nitaleta maziwa yaliyo bora kuliko ya bati. Maziwa ya mbuzi. Ni mepesi, yana baraka, tumbo la mtu mzima huyapenda, na wazee wetu waliyasifu. Sikujiuliza kama utando nao una tumbo la mtu mzima.

Asubuhi ya Alhamisi nikapita Mji wa Kale kwa Bi Rukia, jirani yetu anayefuga mbuzi kwenye ua wa nyumba yake. Sikumkuta nyumbani. Nilimkuta Ndia Kuu, kwenye duka la vinyago, anamvuta mbuzi wake mmoja aliyekuwa akimramba twiga wa mbao. Mbuzi yule alikuwa na tabia ya kupotea. Mwenye duka alikuwa akidai kwamba twiga sasa amebadilika rangi, na Bi Rukia akimwambia amshukuru mbuzi kwa kumpangusia vumbi. Nilimweleza kwamba nataka maziwa kwa kazi ya sayansi. Alifurahi sana, akanijazia chupa, akasema mbuzi wake wote ni wa ukoo mzuri.

Kwa kuwa mimi nilikuwa nimefunga, sikuweza kuonja kama hayajachacha. Musyoka alijitolea kuyaonja nje ya lango, akayapitisha, akaomba ayaonje tena ili awe na uhakika. Kisha nikayazungusha kwa mashine mpaka mafuta yakajitenga juu, nikayaengua, nikabaki na maziwa masafi kama nia yangu. Utando ukashiba vizuri. Na kingamwili zote mbili, kila moja kwa zamu yake, nikazichanganya katika maziwa yayo hayo.

Kabla ya kumwaga, Kadzo aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tusiache kipande cha shahidi? Kipande kisichotiwa mbuzi?"

Nikamwambia, "Kwa mkono huu, mwanangu? Shahidi wa nini?"

Aliandika kitu kwenye daftari. Kumbukeni pia kwamba shahidi yule hatumii hata tone la kingamwili ya thamani, kwa sababu kingamwili hiyo ndiyo anayonyimwa. Hakuna nilichookoa kwa kumwacha ila dakika tatu.

Tulipofungua picha kwenye kompyuta, utando wote ulikuwa mweusi. Sizungumzii mstari mweusi, wala doa. Ulikuwa mweusi kutoka pembe hadi pembe, kama sufuria ya biriani ya harusi upande wa chini. Musyoka alichungulia juu ya bega langu akauliza kwa heshima kama hiyo ndiyo perforini, maana ilikuwa nyingi. Kadzo alitazama picha, akatazama kichupa, akaanza kukunja ncha ya koti lake kwa vidole, akaikunja mpaka ikafika kiunoni. Tulijaribu kuuosha utando kwa dawa ya kung'oa kingamwili, tukang'oa kila kitu pamoja na protini zenyewe.

Nami badala ya kujitazama nikaanza kutazama wengine. Nikasema ni umeme, umepepesa. Nikasema ni udi nilioufukizia kanzu yangu. Mwishowe nikasema ni Musyoka, kwamba asingekunywa maziwa ya bati haya yote yasingetokea. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti, nikiwa na saumu. Musyoka aliinamisha kichwa akarudi stoo, na siku ile hakunywa chai kabisa.

Baada ya Alasiri nikarudi nyumbani. Mke wangu, Mama Saidi, alikuwa jikoni anakaanga bhajia za kufuturu, nami nikakaa kwenye kibao nikitoa kokwa za tende, ambayo ndiyo kazi pekee anayoniamini nayo. Akaniuliza kwa nini leo sina maneno. Nikamweleza yote. Kwa kuwa yeye hajawahi kuingia maabara, nilimfanyia mfano kwa vyombo vilivyokuwapo. Sinia ndilo utando, tende moja katikati ndiyo perforini. Alisikiliza huku akigeuza bhajia.

"Huyo mbuzi amtafuta nani?" akauliza.

"Ataka tende."

"Na punda?"

"Punda amtafuta mbuzi."

"Mbuzi yule mmoja, ama mbuzi yeyote?"

"Yeyote. Punda hana ubaguzi."

"Na hilo sinia mumelipaka nini kabla?"

"Maziwa."

"Maziwa ya nani?"

Tende iliniponyoka ikabingirika mpaka chini ya meza.

"Baba Saidi, nakuuliza, maziwa ya nani?"

"Ya mbuzi wa Bi Rukia," nikasema.

Akatoa bhajia kwenye mafuta, akazichuja, akaziweka kwenye sahani moja moja. "Basi punda wenu hana kosa," akasema. "Mumemwambia atafute mbuzi, na mumemwaga mbuzi sinia zima."

Wanangu, maziwa ya mama yeyote yana kingamwili za mama huyo. Ni rehema ya Mwenyezi Mungu kwa kila kinachonyonya, mtoto apate kinga kabla hajajua kuwa yuko duniani. Nililijua hilo. Nimewafundisha wauguzi jambo hilo kwa miaka na miaka, kwa picha na kwa kijiti cha kuonyeshea. Na nikatia maziwa ya mbuzi kwenye jaribio ambalo punda ameletwa kutoka ng'ambo kwa kazi moja tu, kutafuta mbuzi. Zamani maziwa hayakutudhuru kwa sababu kingamwili zetu za kwanza zilikuwa za sungura, na hakuna aliyetumwa kumtafuta mbuzi. Mnyama alibadilika, mimi sikubadilika.

Nilifuturu kwa tabu. Bhajia zilikuwa nzuri, lakini kila nikimeza nilimkumbuka Musyoka ndani ya stoo yake.

Ijumaa asubuhi niliwaita wote wawili mezani. Kuomba radhi kavu kavu ni kugumu kuliko jaribio lolote, kwa sababu hakuna mashine ya kukusaidia. Nilimwambia Kadzo kwamba aliyeharibu ni mimi, na kwamba alipouliza juu ya shahidi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Nikamwambia Musyoka anisamehe kwa kumsingizia.

"Mzee, maziwa ya bati nilikunywa, hilo ni langu," Musyoka akasema. "Lakini mbuzi sikumleta."

"Hukumleta."

"Ingawa nilimwonja. Mara mbili."

Kadzo akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha akashika kichupa akakiinua kwenye mwanga. Tone lililobaki lilikuwa la jaribio moja.

Swali likawa tuulishe utando nini. Kadzo alisema hata maziwa ya ng'ombe ni ya kuogopa, kwa sababu ng'ombe na mbuzi ni jamaa, na punda anaweza kuwafananisha. Tukahitaji mnyama asiye na udugu wowote na mbuzi. Tukapitia wanyama wote wa Mombasa mmoja mmoja. Musyoka akapendekeza paka, kwa sababu wako wengi. Kadzo ndiye aliyesema, "Kuku je? Ute wa yai?"

Tukavunja mayai, tukatenga ute, tukauchanganya na maji ya chumvi yetu na kuuchuja. Viini alivichukua Musyoka, nami sikuuliza vilikwenda wapi. Lakini safari hii hatukugusa kichupa. Tulikata vipande vitatu vya utando mtupu, visivyo na protini yoyote. Kimoja tukakilisha maziwa ya mbuzi, kimoja maziwa ya ng'ombe kutoka bati jipya ambalo Musyoka alilinunua kwa hiari yake, kimoja ute wa yai. Hakuna kilichotiwa kingamwili ya mbuzi. Vyote tukavimwagia punda peke yake. Kipande cha mbuzi kikatoka cheusi tii. Cha ng'ombe kikatoka kijivu, kama punda aliyekuwa na shaka. Cha yai kikabaki cheupe kabisa. Punda alikuwa amepita, akatazama kila upande, hakumuona mtu, akaenda zake. Nikawahi sala ya Ijumaa nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza aliyekaa kando yangu safuni.

Jumamosi Kadzo alifanya jaribio kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kiti mikono magotini, kama mzee aliyeletwa kushuhudia ndoa. Kipande cha shahidi kilikuwepo, na yeye ndiye aliyekikata kabla ya kitu chochote. Tone la mwisho likatoka kichupani. Tukaosha, tukamwaga punda, tukaosha tena, tukaosha na mara ya tatu kwa ajili ya Bwana D'Souza. Musyoka alisimama mlangoni akishika msalaba wake mdogo shingoni, nami nikihesabu tasbihi ndani ya mfuko wa koti. Kwa muda ule hatukutofautiana.

Kadzo akafungua picha. Mimi sikutazama kompyuta, nilimtazama yeye.

"Mwalimu," akasema, "kuna mstari."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Umekaa wapi?"

"Pale pale pa perforini. Na kwa shahidi hakuna kitu."

Kisha akakaa chini, sakafuni, na koti lake jeupe, akafunika uso kwa viganja. Nikasema alhamdulillahi. Musyoka akauliza kama sasa ni halali yeye kwenda kunywa chai.

Jumatatu mbele ya jopo, Kadzo aliwaonyesha picha nyeusi kwanza, akawaeleza habari za mbuzi na punda bila kuficha, kisha akawaonyesha ya pili. Nasikia profesa mmoja alilazimika kuvua miwani ili afute machozi. Nafasi yake ilibaki yake. Alipomaliza kitabu chake cha utafiti, kwenye ukurasa wa shukrani, wa kwanza alikuwa Mama Saidi, wa pili Musyoka kwa mayai. Mimi ni wa tatu, na hakuandika ni kwa jambo gani. Nilishukuru kwa hilo pia.

Ilibaki deni moja la ukweli. Siku chache baadaye nikampitia Bi Rukia. Alikuwa barazani, ana haraka ya kutoka, buibui begani, lakini alipoona ni mimi akasimama kuuliza maziwa ya mbuzi wake yalifaaje kwenye sayansi. Ningeweza kusema yalifaa, akaridhika. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa adabu. Nikamweleza kila kitu, tangu tende mpaka sinia. Nikamwambia kwamba maziwa hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Punda yule hatazami kingine isipokuwa mbuzi, na kwa sababu ya maziwa yake alimuona mbuzi kila mahali.

Bi Rukia alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakienda huku na huku njiani.

"Kila mahali?" akauliza.

"Kila mahali, Bi Rukia."

"Basi niazime huyo punda wenu," akasema, akijifunga buibui vizuri. "Yule mbuzi wangu wa twiga sijamuona tangu jana."